Jiji Hupimwa kwa Nafasi za Kusimama

Katika jumba la opera la taifa mjini Vienna, nyuma ya viti vya watu wenye uwezo, kuna sehemu isiyo na kiti hata kimoja. Ni vidato vyenye vyuma vya kuegemea, na wanaoingia hapo husimama tangu pazia linapofunguliwa hadi linapofungwa, hata kama opera yenyewe itachukua saa tano. Tiketi zake ni miongoni mwa zile za bei ya chini kabisa jumbani. Mtu akishapata nafasi hufunga skafu yake kwenye chuma, kisha anaweza kutoka akanyooshe miguu au akanywe maji, na akirudi ataikuta nafasi inamngoja. Haina namba wala jina. Ni kipande cha kitambaa tu, na mamia ya watu wasiojuana wanakiheshimu.

Jumba hilo lilifunguliwa mwaka 1869. Mabomu yaliliteketeza Machi 1945, likajengwa upya na kufunguliwa tena Novemba 1955. Nchi ilikuwa imetoka vitani, na kila kipande cha sakafu kingeweza kuwekwa kiti cha bei ya juu. Sehemu ya kusimama ikarudishwa hata hivyo. Tena haikutupwa pembeni: baadhi ya nafasi zake ziko chini katikati, zinalitazama jukwaa moja kwa moja. Aliyelipa kidogo anaona vizuri kuliko baadhi ya waliolipa mara nyingi zaidi yake.

Nimeanza na skafu ile kwa sababu nataka kupinga namna tuliyozoea kuyasifia majiji makubwa. Tunahesabu. Jiji hili lina makumbusho mia na ushee, lile lina mnara mrefu kuliko mingine, lile jingine lina kumbi arobaini za michezo ya kuigiza. Msafiri hupewa orodha ya vivutio kumi akaipitia kama mtu anayetia alama kwenye daftari la mahudhurio, na jioni miguu inamuuma na kichwani hakuna kilichobaki. Hesabu hizo hazinidanganyi tena. Kipimo changu ni kimoja: jiji lina nafasi gani kwa mtu mwenye fedha kidogo na jioni moja mkononi, anayetaka kilicho bora kabisa na si makombo yake? Kwa maneno mengine, jiji limeweka wapi sehemu zake za kusimama?

Wazo hili ni la kale kuliko opera. Athens ya kale ilikuwa na mfuko wa umma uliowasaidia raia kupata kiingilio cha maonyesho, kwa kuwa waliamini kwamba tamthilia ni shughuli ya raia wote, kama mkutano wa hadhara. London ya mwaka 1599 ilipojenga jumba la Globe, katikati yake palikuwa na uwanja usio na paa ambako kwa peni moja mtu alisimama mbele ya jukwaa, karibu kiasi cha kumgusa mwigizaji. Wenye fedha walikaa kwenye roshani, wakakingwa na mvua. Shakespeare aliandika akijua kwamba walio karibu naye zaidi ni wale wa peni moja, ambao wasipopendezwa hawatanyamaza. Globe ya leo, iliyofunguliwa mwaka 1997 baada ya mwigizaji wa Marekani Sam Wanamaker kuipigania kwa miaka mingi na kufariki kabla haijakamilika, imeurudisha uwanja ule na watu mia saba husimama humo. Waigizaji hupita katikati yao.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa mwaka 1895. Meneja wa ukumbi mmoja wa London, Robert Newman, alikuwa na tatizo ambalo mameneja wa kumbi wanalo hadi leo: alipenda muziki mkubwa wa okestra, na watu wa kawaida hawakuja kuusikiliza. Angeweza kulalamika kwamba watu hawana ladha. Badala yake aliondoa viti katikati ya ukumbi, akashusha kiingilio, akaruhusu watu wasimame, watembee, hata wavute sigara, na akamkabidhi okestra kijana Henry Wood, ambaye alikuwa bado na umri wa miaka 26. Mpango wake ulikuwa wa taratibu. Mwanzoni nyimbo nyepesi ambazo kila mtu anazijua, kisha kidogo kidogo kazi nzito zaidi, mwaka hadi mwaka, mpaka hadhira iwe imekua bila kujua kwamba inasomeshwa. Ukumbi ule uliangamizwa na mabomu mwaka 1941, matamasha yakahamia Royal Albert Hall, na mpaka sasa yanafanyika kila kiangazi. Katikati, mbele kabisa ya okestra, hakuna viti. Watu wanasimama.

Tazama alichokielewa Newman. Sehemu ya kusimama si hisani kwa maskini. Ni kitalu. Mwanafunzi anayesimama leo ndiye atakayenunua kiti baada ya miaka ishirini, atakayemleta mtoto wake, atakayelalamika gazetini okestra ikipunguziwa fedha. Kumbi zinazouza viti vya gharama pekee zinavuna bila kupanda, na ndiyo maana kila mwaka wakuu wake wanashangaa kuona vichwa vya wasikilizaji vinazidi kuwa na mvi.

Kuna jambo la pili ambalo ni gumu zaidi kulieleza kwa hesabu. Watu waliosimama hubadilisha sanaa yenyewe. Aliyekaa kwenye kiti laini ni mteja, anasubiri kuhudumiwa. Aliyesimama ameshatoa kitu, miguu yake, na anataka kirudi. Mbunifu Lina Bo Bardi, ambaye nitamrudia hivi karibuni, alipoweka viti vya mbao visivyo na mto katika ukumbi wake wa maonyesho alijitetea kwamba wazee wa Ugiriki na Roma walikaa juu ya mawe. Sidhani alikuwa anatania. Hadhira iliyo macho humlazimisha msanii naye awe macho.

Anayetaka kuona jinsi hadhira inavyoweza kuutengeneza wimbo aikumbuke Cairo ya mwimbaji Umm Kulthum. Kwa miongo kadhaa tamasha lake la Alhamisi ya kwanza ya mwezi lilirushwa redioni moja kwa moja. Wimbo mmoja ungeweza kuchukua saa nzima na zaidi, kwa sababu waliokuwa ukumbini walipaza sauti wakitaka ubeti urudiwe, naye aliurudia, kila mara kwa namna nyingine, akiusoma uso wa hadhira kama mtu anayesoma barua. Na wasioweza kununua tiketi walikuwa wapi? Kwenye migahawa ya kahawa, majumbani, dukani penye redio, sehemu yoyote ilipofika sauti. Jiji zima lilikuwa limesimama nyuma ya ukumbi ule. Redio ilikuwa ndiyo sehemu ya kusimama iliyo pana kuliko zote, na mpaka leo ukiwauliza Wamisri wazee kuhusu Alhamisi hizo hawakuambii walikuwa wamekaa kiti namba ngapi.

Mtu atasema: hayo ni ya muziki na maigizo, vipi makumbusho? Huko si tayari kila mtu husimama? Ndiyo, na ndipo hoja inapopata uzito, kwa sababu makumbusho yanatufundisha kwamba mlango ulio wazi hautoshi.

British Museum iliundwa kwa sheria ya bunge mwaka 1753 na ikafunguliwa Januari 1759, bila kiingilio. Bure kabisa. Lakini aliyetaka kuingia alipaswa kwanza kuomba tiketi kwa maandishi, akitaja jina lake, hali yake na mahali anapoishi, kisha asubiri kukubaliwa. Akikubaliwa, aliingia na kikundi kidogo, saa za kazi, akapitishwa vyumbani haraka haraka. Fundi au mtumishi wa nyumbani angeiacha kazi yake mara ngapi ili apitie hayo yote? Kwa karatasi ilikuwa ya wote. Kwa mlango ilikuwa ya wachache. Ilichukua miongo mingi kuuondoa uzio huo wa karatasi, na ninauona ukirudi kwa sura mpya kila ninapokutana na ukumbi wa "bure" unaotaka uandikishwe mtandaoni wiki tatu kabla, kwa simu ya kisasa na barua pepe.

Louvre ya Paris nayo ilifunguliwa kwa umma tarehe 10 Agosti 1793, mwaka mmoja kamili tangu ufalme wa Ufaransa kuangushwa. Tarehe ilichaguliwa makusudi: mali ya mfalme sasa ni yenu, njoni mtazame. Leo Louvre inapokea watu wengi kuliko makumbusho mengine yoyote ya sanaa, mwaka 2018 walipita milioni 10, na wengi wao wanakwenda moja kwa moja kwenye chumba kimoja kuona mchoro mmoja wenye urefu wa sentimita 77 na upana wa 53. Wanafika, wanainua simu, wanasukumwa, wanaondoka. Na ukutani upande wa pili, mkabala na Mona Lisa, umetundikwa mchoro mkubwa kuliko yote ndani ya jumba lile, arusi ya Kana iliyochorwa na Veronese mwaka 1563, karibu mita 10 kwa upana, yenye umati wa wageni, wapiga ala na mbwa, na rangi ambazo macho hayazimalizi. Maelfu ya watu kila siku wanaipa mgongo.

Sitawacheka watu hao. Umaarufu wa Mona Lisa miongoni mwa watu wa kawaida uliwaka hasa baada ya kuibwa mwaka 1911, na magazeti ya wakati huo yaliripoti watu waliopanga foleni kwenda kutazama ukuta mtupu ilipokuwa imetundikwa. Binadamu hufuata walipokwenda wenzake, hilo halina dawa. Lawama ninaitupa kwa jiji linalojitangaza kwa sura moja tu kisha likashangaa kwamba watu wote wako chumba kimoja. Mwaka 2025 rais wa Ufaransa alitangaza kwamba mchoro ule utahamishiwa chumba chake peke yake, chenye kiingilio chake. Huenda itapunguza msongamano. Itawafundisha wachache zaidi kugeuka nyuma.

Kwa anayeingia makumbusho makubwa ninatoa ushauri mmoja tu, uliotokana na miguu yangu mwenyewe: chagua vyumba viwili. Kaa humo mpaka walinzi wakuzoee. Pale kiingilio ni bure, kama kwenye makumbusho ya taifa ya Uingereza tangu Desemba 2001, hili ni rahisi, kwa sababu kesho unaweza kurudi. Kiingilio kikubwa ndicho kinachomfanya mtu akimbie, anataka fedha yake irudi kwa idadi ya vitu alivyoviona.

Tate Modern ya London ililielewa hili vizuri. Jengo lilikuwa kituo cha kuzalisha umeme kando ya mto Thames, kikafungwa mwaka 1981, kikafunguliwa kama makumbusho ya sanaa mwaka 2000. Ukumbi wa mitambo, wenye urefu wa zaidi ya mita 150, uliachwa wazi. Mwaka 2003 msanii Olafur Eliasson aliweka humo jua kubwa la taa za manjano, akajaza ukungu mwembamba na kuifunika dari kwa vioo. Kilichotokea hakikuandikwa kwenye mpango wowote: watu walilala chali sakafuni, wageni kwa wenyeji, wakajitafuta kwenye vioo juu, wakapanga herufi kwa miili yao. Zaidi ya watu milioni mbili walipita. Walipewa sakafu, na wao wakajua la kufanya nayo.

Sasa nimrudie Lina Bo Bardi, maana hakuna mtu ninayemheshimu zaidi katika jambo hili. Alizaliwa Roma mwaka 1914, akahamia Brazili mwaka 1946, na São Paulo ikawa mji wake. Makumbusho ya sanaa aliyoibunia jiji hilo, MASP, ilifunguliwa mwaka 1968. Angeweza kulijaza jengo kiwanja chote. Akalining'iniza. Jengo zima limebebwa juu kwa nguzo za pembeni, na chini yake kuna uwazi wa zaidi ya mita 70 bila nguzo hata moja katikati, ukiunganika na barabara kuu ya Paulista. Chini ya kivuli kile pamefanyika matamasha, minada ya vitu vya kale, maandamano ya kisiasa, na mazungumzo ya watu wanaosubiri mvua ipite. Unaweza kuishi São Paulo maisha yako yote usinunue tiketi ya kupanda juu, na bado makumbusho ile ikawa yako.

Kazi yake nyingine jijini humo inanigusa zaidi. Katika mtaa wa Pompeia kulikuwa na kiwanda cha zamani cha mapipa kilichonunuliwa na SESC, taasisi ya huduma za jamii ya wafanyabiashara. Ilitarajiwa kibomolewe. Bo Bardi alipokwenda kukitazama siku ya mapumziko aliwakuta watoto wanakimbia ndani yake, vijana wanacheza mpira katika maji ya mvua yaliyovuja kwenye paa, akina mama wanachoma nyama. Akaamua kwamba kazi yake ni kutoiharibu furaha ile. Kiwanda kikabaki, kuta zake za matofali zikabaki, na mwaka 1982 kikafunguliwa kikiwa na maktaba, karakana za ufundi, ukumbi wa maonyesho wenye viti vile vya mbao, na mfereji wa maji unaopita katikati ya sakafu. Baadaye ikaongezwa minara miwili ya zege yenye viwanja vya michezo na bwawa la kuogelea. Mzee anakuja kucheza karata, mtoto anasoma, msanii wa kimataifa anapanda jukwaani usiku, na wote wanapita mlango mmoja.

Fedha zinatoka wapi? Hilo ndilo swali ambalo kila mpenda utamaduni analikwepa, na mimi silikwepi. Nyuma ya SESC kuna utaratibu ulioanza mwaka 1946: kampuni za biashara na huduma nchini Brazili huchangia asilimia 1.5 ya mishahara wanayolipa. Fedha hiyo haitegemei waziri kuamka na furaha. Sydney ilipita njia nyingine: jumba lake la opera lilikadiriwa kugharimu dola milioni 7 za Australia, likafika milioni 102 lilipofunguliwa mwaka 1973, na sehemu kubwa ya deni ikalipwa na bahati nasibu ya jimbo. Unaweza kubishana kuhusu njia hizo. Ila usiniambie kwamba nafasi ya bei nafuu ni ndoto, maana majiji yamekwisha kuilipia kwa njia nyingi. Na msanii alipwe, tena alipwe vizuri. Sehemu ya kusimama isijengwe juu ya mgongo wa mpiga zeze.

New York ina kisa kinachofaa kusimuliwa kwa kila diwani. Joseph Papp alikuwa akiandaa maonyesho ya tamthilia za Shakespeare bustanini, bure. Mwaka 1959 Robert Moses, mkuu wa bustani za jiji na mmoja wa watu wenye nguvu kuliko wote pale, alimtaka atoze kiingilio, kwa hoja kwamba watazamaji wanaharibu nyasi na kuzirudishia ni gharama. Papp akakataa. Akasema bure ni bure. Wakafikishana mahakamani, na Papp akashinda. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1962, jiji lenyewe likawa limejenga ukumbi wa wazi ndani ya Central Park kwa ajili ya maonyesho yale, na mpaka leo tiketi hazilipiwi. Watu hupanga foleni tangu alfajiri, wakiwa na mablanketi na vitabu. Ukumbi ulipofunguliwa tena Agosti 2025 baada ya ukarabati, walioigiza mapacha wa tamthilia ya kwanza walikuwa Lupita Nyong'o na nduguye Junior, chini ya mwongozaji Saheem Ali aliyezaliwa Kenya, na baadhi ya maneno yao yalisikika kwa Kiswahili. Nyasi zile zimelipa.

Kuna majiji yaliyoamini kwamba jengo la ajabu peke yake litawaletea haya yote. Bilbao ya Hispania ilifungua makumbusho yake ya sanaa, Guggenheim, mwaka 1997, kazi ya mbunifu Frank Gehry, na mji wa viwanda vilivyokufa ukageuka mahali pa kusafiriwa. Kila meya duniani akataka Gehry wake. Wengi hawakuangalia kwamba Bilbao ilikuwa imekwisha kufungua treni ya chini ya ardhi mwaka 1995, na ilikuwa ikiusafisha mto uliokuwa mchafu kwa miaka mingi. Waliiga paa, wakaacha reli na maji. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, na majumba ya namna hiyo ninayoyafahamu si machache: nje picha, ndani upepo. Linganisha na Oslo, ambako jumba la opera la mwaka 2008 lina paa la marumaru linaloteremka mpaka majini, na yeyote anaruhusiwa kulipanda kwa miguu. Jengo ni la kujivunia, na vilevile ni la kukanyagwa.

Na mengine hayahitaji jengo. Tarehe 21 Juni 1982 Ufaransa iliwaambia watu wachukue ala zao watoke nje. Waziri wa utamaduni Jack Lang na mshauri wake wa muziki Maurice Fleuret walikuwa wameona kwamba mamilioni ya Wafaransa wanapiga ala majumbani bila kusikika. Sikukuu ile ya muziki imeenea zaidi ya nchi 100. Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, tangu mwaka 1974 huzifunga barabara zake kubwa kwa magari kila Jumapili, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa nane mchana, na zaidi ya kilomita 100 zinabaki za baiskeli, waenda kwa miguu na wacheza ngoma za mazoezi. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na furaha inayozaliwa.

Hapa ndipo mgeni anapopaswa kujifunza swali sahihi. Ukifika jiji usilolijua, usiulize "kuna nini cha kuona?" Utapewa orodha ile ile. Muulize dereva, muuza magazeti, mfagiaji wa hoteli: "Ninyi Jumapili mnapumzikia wapi?" Wakikutajia mahali kwa haraka na macho yakang'aa, nenda. Wakisita, wakasema Jumapili wanalala tu kwa kuwa kila kitu ni cha wageni, umekwisha kulijua jiji.

Venice ni onyo. Kitovu chake cha kale kilikuwa na watu wapatao 175,000 mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 2022 wakashuka chini ya 50,000. Aprili 2024 ikaanza kuwatoza wageni wa siku moja kiingilio cha kuingia mjini, mji mzima ukawa na mlango kama makumbusho. Sisi tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Pale mgeni amekuja kwa mamilioni na mwenyeji anahama. Nani atasimama nyuma ya jumba la opera la Venice miaka thelathini ijayo? Watu wa siku moja hawaoteshi kitalu.

Lazima niseme pia juu ya upande wa huzuni. Tarehe 15 Aprili 1989 kwenye uwanja wa Hillsborough, Sheffield, mashabiki wa mpira walibanwa katika sehemu ya kusimama na watu 97 wakapoteza maisha. Baada ya hapo viwanja vikubwa vya Uingereza vililazimishwa kuweka viti kila mahali, na kwa miaka mingi neno "kusimama" likawa sawa na hatari. Uchunguzi wa mahakama uliomalizika mwaka 2016 ulisema mashabiki hawakuwa na kosa. Walioshindwa ni wenye dhamana ya usalama. Ujerumani iliendelea na sehemu za kusimama zilizopangwa vizuri, na jukwaa la kusini la Dortmund hubeba karibu watu 25,000 waliosimama bega kwa bega, wakiimba kwa dakika tisini. Uingereza yenyewe imeruhusu tena kusimama kwa usalama tangu mwaka 2022, penye vyuma kila mstari. Kusimama kunahitaji kazi ya kitaalamu, milango ya kutosha, na watu wanaohesabu vichwa. Ukumbi unaouza nafasi hizo kwa bei ndogo na kuzipa usalama mdogo unafanya uhalifu.

Wala simsahau asiyeweza kusimama. Mwenye kiti cha magurudumu, mzee, mama mjamzito, wote wanastahili mahali penye bei ile ile ya chini na mwonekano ule ule mzuri. Ninaposema sehemu ya kusimama nazungumzia haki ya kuwa karibu. Miguu ni namna moja tu ya kuilipia.

Limebaki jambo ambalo waandishi wa utamaduni hawaligusi, wanaliona ni la wahandisi. Onyesho likiisha saa nne na nusu usiku na basi la mwisho kwenda pembezoni likaondoka saa nne, basi wa pembezoni hawakualikwa, hata tiketi ingekuwa ya bure. New York ina treni za chini ya ardhi usiku na mchana. London ilianza kuzitembeza usiku kucha Ijumaa na Jumamosi mwaka 2016, kwa baadhi ya njia. Nimewahi kuondoka ukumbini kabla ya sehemu ya mwisho ya tamasha nililolisubiri mwaka mzima, nikakimbilia kituoni, nikiisikia okestra kupitia ukuta. Sijaisahau safari ile, na najua siko peke yangu. Mlangoni tulitoka wengi, wote tukitazama saa.

Ndiyo maana jiji lolote linapotangaza ukumbi mpya, na magazeti yakatoa picha ya paa lake likimeta jioni, mimi naiacha picha ile nikatafuta ramani ya ndani. Naangalia kama kuna sehemu isiyo na viti, na iko umbali gani kutoka jukwaani. Kisha naifungua ratiba ya usafiri wa mtaa ule, nikatafuta mstari wa chini kabisa, saa ya basi la mwisho.